Mbung'o wa Kinyaa

Kama una chakula mbele yako, kisogeze pembeni kwanza. Nakuonya mapema usije ukanilaumu.

Kila siku saa mbili asubuhi, katika kituo cha utafiti cha Isarara, fundi wa maabara aitwaye Sayi Ng'wandu alisukuma toroli yenye ndoo nne za damu ya ng'ombe kutoka chumba cha baridi. Aliimimina damu kwenye masinia mapana, akaipasha taratibu mpaka ikapata joto la mnyama aliye hai, kisha akaifunika kwa utando mwembamba wa mpira uliofanana na ngozi. Juu ya utando aliweka vizimba vya wavu, kila kizimba na mbung'o elfu moja. Walipolihisi lile joto, wote walishusha midomo kwa pamoja, wakatoboa, wakafyonza, na matumbo yao yakavimba mpaka yakang'aa kwa wekundu. Wakishiba walikojoa papo hapo, juu ya chakula chao wenyewe. Harufu ya mle ndani ilikuwa ya bucha lililokatikiwa umeme siku tatu, ongeza kutu, ongeza na kitu kingine ambacho hata leo sijui nikiiteje.

Wafanyakazi wengine wote walishazoea. Sayi alikuwa na uwezo wa kula muhogo wa kuchemsha akiwa amesimama katikati ya vizimba, anasikiliza taarifa ya habari. Dokta Robi Kisiri, mkuu wa chumba hicho, hakuzoea hata siku moja katika miaka tisa. Alikuwa anaona aibu kulisema hilo, kwa sababu mbung'o hao alikuwa amewatengeneza yeye.

Wala usidhani walikuwa mbung'o wa kuleta malale. Ugonjwa huo ulishatolewa ndani yao kabla hawajafikishwa Isarara. Hawa walibeba kitu kingine kwenye mate yao, protini iliyotengenezwa kwa kufuata kipimo cha harufu moja tu, harufu ya nyamapori iliyokaushwa. Mbung'o akikuuma, protini ile inaingia kwenye damu, inapanda taratibu hadi kwenye mishipa ya pua, inakaa hapo inasubiri. Baada ya siku tisa uko tayari. Siku utakayokutana na harufu ile, tumbo linageuka lenyewe. Hakuna anayekukataza kula. Hakuna askari, hakuna faini, hakuna risasi. Mwili wako mwenyewe unakataa, na kwa kadiri walivyoweza kupima, haukubali tena maisha yako yote.

Na walifanikiwa, tusiwanyime haki yao. Pori la Isarara lilikuwa limemalizwa na mitego ya waya mpaka ukitembea kutwa nzima unakutana na panya na upepo. Kila mwaka vijana walikuwa wanauawa mle ndani wakifukuzana na walinzi, na kila mwaka wengine walirudi na nyaya mpya. Ndipo vijiji kumi na kimoja vya upande wa magharibi vikaitisha mikutano, watu wakaelezwa, wakakubali, mbung'o wakaachiwa. Ndani ya miaka miwili nyumbu walitoka mia tatu wakafika elfu sita, wengi wakihamia kutoka mapori jirani. Mbwa mwitu walirudi bila kuitwa. Mto uliokuwa mfereji wa mchanga ukaanza kushika maji hadi mwezi wa tisa, maana majani yalikuwa yameliwa yakachipua, na ardhi ilikuwa imekanyagwa inavyotakiwa kukanyagwa. Vijijini waliwaita mbung'o hao askari. Katika miaka hiyo miwili hakuna kijana hata mmoja aliyezikwa kwa sababu ya nyumbu.

Sasa ilikuwa zamu ya vijiji vya mashariki. Mabuu milioni mbili yalikuwa yamelala kwenye trei yakisubiri kupakiwa, na zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili. Kilichokosekana kilikuwa saini ya Robi kwenye fomu ya usalama.

Hapo ndipo mama yake alipompigia simu, naye akiwa katikati ya chumba cha damu.

"Robi, njoo," mama alisema. "Ghati hamtaki mtoto."

*

Ghati alikuwa mdogo wake, ameolewa katika kijiji kimojawapo cha magharibi. Mtoto wa kwanza kwao huzaliwa nyumbani kwa wazazi wa mke, kwa hiyo mwezi wa nane wa mimba ulipoingia alirudi Nyabikore, upande wa mashariki. Alitapika tangu siku ya kwanza, wakadhani ni mimba, kisha akajifungua salama mtoto wa kiume. Mambo yaliyofuata mama hakutaka kuyasema kwenye simu.

Robi alimkuta amekaa nje ya uzio, peke yake, chini ya jua kali la saa sita, mgongo ameugeuzia nyumba. Alikuwa amejiziba pua kwa kanga. Maziwa yalikuwa yamelowesha gauni lake kifuani.

"Shikamoo dada," alisema bila kugeuka.

"Marahaba. Kwa nini umekaa juani na wewe ni mzazi?"

"Humo ndani kunanuka."

"Kunanuka nini?"

Ghati aliikaza kanga puani. "Naona aibu kukwambia. Kunanuka mama. Na mtoto ananuka. Dada, mimi nimemzaa huyu mtoto, nilimtamani miaka minne, lakini nikimshika naona kama nimepewa mzoga. Juzi nimemtapikia. Nimemtapikia kichwani."

Mama alitoka na mtoto begani. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi, na siku hiyo uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia. Alimkabidhi Robi mtoto. Ana siku sita, mwepesi kupita kiasi, midomo imekauka. Robi alimnusa utosini kama mtu yeyote anavyomnusa mtoto mchanga, na alichokisikia kilikuwa harufu nzuri kuliko zote anazozijua. Ilikuwa harufu ya utoto wake mwenyewe, ya nyumba ile, ya mgongo wa mama akiwa amebebwa.

"Mmemfukiza?" aliuliza.

"Nimemfukiza, ndiyo. Ningeachaje?" mama alijibu. "Asubuhi na jioni, kama nilivyokufukiza wewe."

Kule kwao mti ni mmoja, mzeituni pori. Kwa kijinga chake cha moto wanawake husugua ndani ya kibuyu kabla ya kutia maziwa, ili yagande vizuri na yasichachuke vibaya. Mtoto akizaliwa, kijinga hicho hicho huwekwa kwenye kigae, moshi ukapanda, mtoto akapitishwa juu yake mara saba, nguo zake zikafukizwa, na mama mzazi naye akafunikwa shuka akakaa juu ya moshi huo. Nyumba nzima inanukia miezi mitatu. Ukiingia tu unajua kuna heri.

Robi alimpeleka mtoto kwenye beseni. Alimwosha kwa sabuni, akamwosha tena, akamwosha mara ya tatu mpaka mama akamwambia atamchubua. Alimvisha fulana mpya iliyotoka kwenye pakiti, akamnusa, hakusikia chochote zaidi ya sabuni. Akampeleka kwa Ghati pale nje.

Ghati alimpokea. Alijitahidi, jamani. Alikaza taya, macho yakamtoka, akamsogeza mtoto kwenye titi, na mtoto akapata, akaanza kunyonya kwa pupa. Haikufika dakika. Mabega ya Ghati yalianza kurukaruka, akageuza kichwa, akatapika kwenye mchanga, majimaji ya njano matupu, huku mtoto amemng'ang'ania. Ikabidi mama amnyakue.

"Nimemwosha, Ghati. Hana harufu yoyote."

"Najua," Ghati alisema. Alikuwa anajifuta kwa mkono, na sauti ilikuwa ya mtu anayejichukia. "Najua hana. Nikimwona tu, tumbo linakumbuka."

Mwishowe walipata njia. Robi alimziba pua kwa pamba iliyopakwa dawa ya mafua, akamfunga kitambaa machoni, na Ghati akamnyonyesha mwanawe hivyo, kama mtu aliyelazimishwa kushika jongoo. Mtoto alishiba. Wanawake watatu walikaa pale wakimtazama, mmoja wao kwa macho yaliyofungwa.

*

Robi hakurudi ofisini kwake. Alikwenda moja kwa moja kwenye ghala la vielelezo, akamwambia Sayi amfungulie sanduku la barafu namba moja, lile la mwanzo kabisa, ambalo halikuwa limeguswa kwa miaka saba.

"Dokta, unatafuta nini humo?" Sayi aliuliza.

"Nataka kunusa."

Ndani kulikuwa na mifuko kumi na saba ya nyama iliyokamatwa kwa wawindaji. Hiyo ndiyo iliyosagwa na kupimwa ili kupata kipimo cha harufu, na kutoka kwenye kipimo hicho ndipo protini ilipotengenezwa. Robi alikata mfuko wa kwanza, akauacha uyeyuke kwenye sinki, akainama.

Nyama ilikuwa imeoza kidogo kabla ya kugandishwa, ina utelezi wa kijani pembeni na mayai meupe ya inzi kwenye mikunjo. Lakini juu ya uozo wote huo, wazi kabisa, kulikuwa na moshi wa mzeituni. Alifungua wa pili. Mzeituni. Wa tisa. Mzeituni.

Alikaa chini kwenye sakafu yenye maji. Alikuwa anaelewa kila kitu kwa mpangilio, hatua kwa hatua, na kila hatua ilimkirihi zaidi ya ile iliyotangulia. Miaka ile serikali ilikuwa imeleta droni za kutafuta moshi porini. Wawindaji wakaacha kukaushia nyama kwa magogo ya mgunga, maana moshi wake ni mzito, wakaanza kuchukua kuni za wake zao. Moshi wa mzeituni ni mwembamba, kamera hazikuuona. Kwa hiyo nyama yote iliyokamatwa kipindi hicho ilikuwa na moshi mmoja. Mashine ilipotafuta kile kilichofanana katika mifuko yote kumi na saba, haikuichagua nyama. Iliuchagua moshi.

Na nani aliyekwenda kuikusanya mifuko hiyo? Robi, binti wa Nyabikore, aliyechaguliwa kwa kazi hiyo kwa sababu ni mwenyeji. Alikumbuka siku ile vizuri mno. Alifungua mfuko wa kwanza pale kwenye kituo cha walinzi, na mate yakamjaa mdomoni, akaikumbuka nyumba ya mama yake, akatabasamu. Kwenye fomu, penye nafasi ya kuandika hali ya kielelezo, aliandika neno moja, nzuri. Kwa mtu wa kuja, moshi ule ungekuwa harufu ngeni, angeuliza ni wa nini. Kwake ulikuwa kama hewa tu. Nani anaandika kwenye fomu kwamba kulikuwa na hewa?

Kuna jambo jingine lililomjia, nalo lilikuwa baya kuliko yote. Mwaka uliopita alipita vijiji vya magharibi kuandika taarifa. Aliona vibuyu vya maziwa vimetupwa majalalani, vingine vimepasuliwa kwa makusudi, na watu wanatumia madumu ya plastiki. Hakumuuliza mtu. Aliandika kwamba wananchi wanapokea maendeleo. Sasa alielewa kwamba watu wale walikuwa wamezichukia nyumba zao. Wanaume walikuwa wameshindwa kulala karibu na wake zao, watoto wameshindwa kukaa kwa bibi zao, na kila mmoja alinyamaza kwa aibu akidhani ni yeye peke yake. Nani atasimama kwenye mkutano aseme mama yangu ananuka mzoga?

"Sayi," alisema. "Tumefanya uchafu."

Sayi alimtazama, kisha akaitazama nyama kwenye sinki. "Siku zote ni uchafu, Dokta. Ndiyo kazi yenyewe."

"Siyo huu."

*

Profesa Rweyongeza alikuwa mkurugenzi wa kituo na mwenye wazo lenyewe la mbung'o. Alikuwa mtu msafi, mpole, anayevaa shati jeupe katikati ya pori na halichafuki. Alimsikiliza Robi mpaka mwisho bila kumkatiza. Halafu akamwaga chai iliyopoa dirishani, akamimina nyingine.

"Mdogo wako amejifungua juzi," alisema. "Wapo wazazi wanaomkataa mtoto siku za mwanzo, nawe unalijua hilo. Na umesema zahanati ya kwenu imeandika hivyo hivyo. Huyo ni mtu mmoja."

"Wameumwa watu elfu arobaini na moja, Profesa. Tukawaulize."

"Tuwaulize nini? Wote wanaichukia nyama yenye moshi. Utatenganishaje nyama na moshi kwa mtu aliyekwisha kukutana na vyote viwili? Wewe mwenyewe umesema mtoto aliyeoshwa bado anamtapisha. Tumbo lishajifunza mengine. Hutapata jibu safi kwa yeyote katika vijiji vile."

Hapo alisema kweli, na Robi alilichukia lile shati lake kwa ukweli huo.

"Basi tusiachie mashariki."

"Na tukisimama, nini kitatokea? Niambie kama mwanaikolojia, usiniambie kama dada." Alisema kwa upole. "Mbung'o wetu hawazai vya kutosha wakiwa porini. Tusipoongeza wengine, mwakani wamekwisha. Vijana wanaokua leo hawajaumwa. Watasokota nyaya. Nyumbu elfu sita watakuwa mia tatu tena, mto utakauka, na walinzi wataanza kupiga risasi. Mimi nimezika wangapi kabla ya mbung'o? Wewe umezika wangapi?"

Robi alikuwa amemzika kaka yake. Profesa alilijua hilo, na alikuwa ameliweka mezani makusudi.

"Watu walikubali kuichukia nyama," alisema. "Hakuna aliyekubali kumchukia mama yake."

"Nipe ushahidi. Mtu mmoja ambaye hajaumwa, aumwe leo, apimwe kwa moshi peke yake kabla hajagusa kitu kingine. Lakini ukitaka kumpima mtu lazima upate kibali cha bodi ya maadili, miezi minane. Mabuu yanatoka baada ya siku kumi na mbili."

"Mtafiti kujipima mwenyewe hahitaji kibali."

Profesa aliweka kikombe chini. "Binti yangu, haifutiki. Umeifanyia kazi miaka yote hii, unajua kwamba haifutiki."

"Najua."

"Basi ajipime Sayi, naye ni wa maabara. Si mtu wa huku, kwake moshi ule ni moshi tu, hatapoteza kitu."

Hilo lilikuwa kweli pia. Robi aliliwaza kwa dakika nzima, na dakika hiyo alijiona mdogo kuliko alivyowahi kuwa, kwa sababu alitamani kusema ndiyo. Kisha aliwaza mifuko kumi na saba, na jinsi ambavyo kila mara kuna mtu mwingine wa kuumwa.

*

"Uingize hadi kiwiko," Sayi alisema. Hakuwa anamtazama. "Ukitoa nusu watakuchana."

Robi alikunja mkono wa koti. Miaka tisa alikuwa akiingia chumba kile amejifunika kuanzia kichwani hadi miguuni, na ngozi yake ilikuwa haijawahi kuguswa hata na mmoja. Aliingiza mkono kwenye kizimba.

Walimjia kama walivyokuwa wakijia masinia. Alihisi miguu yao midogo ikitafuta mahali pa kusimama kati ya vinyweleo, kisha sindano, kisha sindano nyingi, na uzito mdogo wa kila mmoja ukiongezeka jinsi anavyojaa. Waliokwisha kushiba walimkojolea mkononi na majimaji ya vuguvugu yakachuruzika hadi kwenye kiganja. Mmoja, jike, alikuwa amebeba buu, yuko karibu kulizaa. Mbung'o hatagi mayai, analea mtoto mmoja tumboni na kumnyonyesha humo humo kwa maziwa yake mwenyewe mpaka akue. Robi alikuwa amewafundisha wanafunzi jambo hilo mara nyingi, kwa mshangao. Leo alimtazama jike yule akinywa damu yake kwa ajili ya mwanawe, akatamani kumponda.

Alihesabu hadi mia mbili, akautoa mkono. Ulikuwa umevimba kama wa mtu mwingine.

Siku tisa zilizofuata alikaa kituoni. Alikula wali mweupe, akakwepa jiko. Mama alipiga simu mara tatu kueleza kwamba Ghati bado anajiziba pua ila mtoto ameongezeka uzito. Mara zote tatu Robi alitaka kumwambia alichokifanya, na mara zote tatu aliishia kuuliza habari za mbuzi. Angesema nini? Kwamba ameuza harufu ya mama yake mwenyewe ili apate jibu? Mchana mmoja alikwenda hadi kwenye gari, akashika usukani, akitaka kufika Nyabikore akamkumbatie mama mara moja tu ya mwisho kabla protini haijakaa sawa. Alizima gari. Kama harufu ile ingekuwa puani mwake wakati wa kubadilika, majibu yasingekuwa safi. Alijilaani kwa kuwa mtafiti hata hapo.

*

Siku ya kumi, saa nne asubuhi, wajumbe watatu wa bodi walikaa barazani na Profesa. Sayi aliandaa chupa tatu zisizo na majina, amezifunga kwa vifuniko. Robi alikaa kwenye kiti cha mbao, ndoo katikati ya magoti.

Chupa ya kwanza. Alifungua, akavuta pumzi. Nyama mbichi ya nyumbu aliyekufa kwa ugonjwa, isiyopitishwa motoni. Alikunja pua kidogo, basi. Ilikuwa nyama tu. Alivuta tena, kwa nguvu, na hakuna kilichotokea. Mjumbe mmoja alimtazama Profesa. Kazi ya miaka yote ile, na nyama yenyewe haikumfanya chochote.

Chupa ya pili ilikuwa na pamba iliyofukizwa kwa mgunga. Alikohoa. Hakuna kitu.

Chupa ya tatu ilikuwa na pamba iliyofukizwa kwa mzeituni, bila chembe ya nyama.

Hakuwahi kuimaliza pumzi. Kwanza ulimi ulikuwa mzito, kama amelamba kitu kilicholowa siku nyingi. Kisha akauona, kwa namna ambayo pua inaona, mzoga uliovimba na kupasuka, usaha, funza wanaochemka, na vyote viko mdomoni mwake, anavitafuna. Alitapika kwenye ndoo, akatapika tena, akatapika tumbo likiwa halina kitu, machozi na kamasi vikishuka pamoja, na katikati ya yote hayo akili yake ilikuwa timamu kabisa, inamwambia huu ni mgongo wa mama yako, hii ni nyumba yenu, hii ni heri. Tumbo halikusikia.

Sayi alifunga chupa.

Profesa ndiye aliyesimama. Shati lake lilikuwa na doa, tone moja la matapishi ya Robi mfukoni, na hakulifuta. "Zima majokofu," alimwambia Sayi. "Fungua vyumba vyote vya mabuu, yakaushwe. Na vizimba pia." Alimgeukia Robi. "Wawindaji watarudi, Dokta. Nataka ujue kwamba najua, na wewe ujue."

"Najua," Robi alisema ndani ya ndoo.

Alikuwa hajainua kichwa alipousikia tena moshi ule, hafifu, ukiletwa na upepo kutoka getini. Alidhani chupa haijafungwa vizuri. Chupa ilikuwa imefungwa.

Mama alikuwa amekuja. Hakuna aliyemwita. Mwanamke anajua sauti ya mtoto wake kwenye simu, na mtoto anayeuliza habari za mbuzi mara tatu ana jambo. Alikuwa amepanda bodaboda kutoka Nyabikore, amejitanda kanga, na mkononi ana kibuyu cha maziwa mgando. Alivuka ua kwa hatua zake ndefu, akamwona bintiye kwenye kiti, akafungua mikono.

"Mwanangu, umefanyaje?"

Robi aliinuka ili amkimbilie. Alifika hatua mbili. Alishika nguzo ya baraza, akatapika chini, mbele ya wajumbe, mbele ya mama yake, na mkono mmoja ukainuka wenyewe, kiganja mbele, kumzuia asisogee.

Mama alisimama. Alishaiona hali hiyo kwa binti mmoja, na sasa aliutazama mkono ule uliovimba, wenye alama za kuumwa kuanzia vidoleni hadi kiwikoni. Uso wake ulikunjamana. Aliweka kibuyu chini. Aliinama, akachota vumbi kidogo, akaliachia lidondoke kutoka vidoleni ili aone linaelekea wapi.

Alikuwa ameishi miaka thelathini na mwindaji. Akaanza kuuzunguka ua polepole, mbali kabisa, akipita nyuma ya matangi ya maji, nyuma ya gari, asimshtue, mpaka akafika upande wa pili ambako upepo ulikuwa unatoka kwa Robi kwenda kwake. Huko alikalia jiwe, hatua arobaini hivi, akaweka viganja mdomoni.

"Mtoto amefika kilo tatu na nusu," alimpigia kelele. "Unanisikia?"

"Nakusikia, mama," Robi alijibu, akajifuta mdomo, akakaa chini akimtazama.